Video Imegoma? Usichome Doh

Mix inachapa fiti kwa lapi, lakini ukichomeka flashi kwa tivi ya keja ama skrini ya nganya, inakataa kabisa. Hapo ndio wasee hukimbia kusaka programu ya kukrakiwa na kurudi na virusi. Zii, manze. Kuna rieng ya bure, na ni halali.

Kwanza shika rada. MKV na MP4 ni mikebe ya Kasuku tu: nje imeandikwa mafuta, ndani unaeza pata sukari. Kile kiko ndani kinaitwa kodeki, na mashine isipokijua inagoma. H.264 ya 2003 inachezwa na karibu kila kitu. H.265 ya 2013 inabana faili zaidi, ila tivi mzee haina habari nayo. iPhone zilianza kurekodi nayo 2017, iOS 11 ilipoingia, so clip ya beshte yako inaeza kukuhangaisha ukiitoa kwa simu yake.

Fom ni HandBrake, programu ya kubadilisha video. Eric Petit aliianza 2003, na toleo la 1.0 likatoka mkesha wa Krisi 2016. Miaka 13! Mafundi wanaijenga kwa kujitolea, code yake iko wazi kwa yeyote kuicheki, na inaingia Windows, Mac na Linux. Tupa video ndani, chagua "Fast 1080p30", bonyeza "Start Encode". Inakutolea MP4 ya H.264. Kama unataka faili ndogo ya simu, shuka "Fast 720p30". Kuna namba inaitwa RF: ukiishusha picha inakuwa safi na faili inanona, ukiipandisha faili inakonda na picha inachafuka. Lapi mzee itahema, so iwache kwa chaja ulale.

Lakini cheki, HandBrake hupika video upya kila saa, na kila kupika kunakula kiasi cha picha. Usifute orijino. Kama shida ni mkebe pekee, tumia FFmpeg, ile programu Fabrice Bellard alianzisha 2000. Haina vitufe, unaandika tu:

ffmpeg -i mix.mkv -c copy mix.mp4

Hiyo inahamisha vitu kwa mkebe mpya bila kupika. Mara nyingi ni sekunde tu, na picha inabaki vile ilikuwa. Kodeki ikiwa ndio shida, rudi HandBrake.

Na usishushe hizi vitu mahali popote. Mei 2017 mahaka waliingia seva moja ya kushusha HandBrake, wakaeka programu feki ya Mac iliyobeba virusi vya Proton. Enda handbrake.fr ama ffmpeg.org, na ulinganishe namba ya uhakiki (checksum) ya faili na ile wameweka, kabla ufungue.

Msee akikuitisha soo mbili kubadilisha clip moja, mwambie asante, utajipanga. Halafu funza mbogi yako pia.