Kabla ya Kumkaririsha Mtoto, Tafuta Sababu

Kila Januari, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo, wazazi wa Igombe na Kayenze hunijia na swali lilelile: "Shikamoo Mwalimu. Huyu arudie darasa au aendelee?" Nimestaafu, lakini nimeshika chaki huku Ilemela, kando ya Ziwa Victoria, miaka mingi, kwa hiyo bado wananiona wa kuulizwa. Nami huwauliza: amebaki nyuma kwa sababu gani?

Kwanza tujue utaratibu. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne na wa kidato cha pili ndio unaomrudisha mtoto: asiyefikia kiwango hukariri. Darasa la saba halirudiwi. Ule ujanja wa zamani wa kumpeleka mtoto kwa mjomba Sengerema, akabadilishwa jina na kuanza upya, nao umekuwa mgumu, maana sasa kila mwanafunzi ana namba ya usajili, ya PREM, inayomfuata anakohamia. Profesa Joyce Ndalichako alipokuwa Waziri wa Elimu, shule binafsi zilikatazwa kumkaririsha au kumhamisha mtoto kwa kuwa tu hakufikia wastani ambao shule imejiwekea.

Tanzania yenyewe imejaribu njia zote mbili, kukaririsha na kuacha waendelee. Mwaka 2008 walioshindwa mtihani wa kidato cha pili waliruhusiwa kuendelea. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri, hadi Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Kizuizi cha kidato cha pili nacho kilirudishwa. Lakini kukaririsha peke yake si dawa. Jiji la Chicago, Marekani, lilianza mwaka 1996 kuwarudisha darasa walioshindwa mitihani. Watafiti walipowafuatilia waliona wa darasa la tatu hawakunufaika, na wa darasa la sita walizidi kuachwa nyuma.

Huku ziwani mambo hayo nimeyaona kwa macho. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo. Siku hizo za giza zikiingia, madawati yanabaki wazi: wavulana wako mwaloni, mitumbwi inakofikia, wakisaidia kushusha mzigo, wasichana wanaanika dagaa au wanalea wadogo zao, mama yuko sokoni. Nilikuwa na mvulana wa darasa la nne wa namna hiyo. Alishindwa, akarudishwa, na giza la kwanza tu akarudi mwaloni. Mwaka wa pili alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, wakamwita babu. Hakumaliza, alipanda mtumbwi moja kwa moja. Tulimrudisha darasa bila kugusa kilichomtoa darasani.

Msichana mmoja alikuwa na habari nyingine. Alihamia kwetu kutoka Ukerewe katikati ya mwaka, akiwa darasa la pili, Kiswahili chake kidogo, tumbo likimsumbua. Zahanati ikamkuta na kichocho, ugonjwa wa kawaida kwa watoto wanaooga na kuchota maji ziwani. Akatibiwa. Mama yake na mimi tukakubaliana arudie, kwa kuwa masomo ya mwaka ule yalimpita kweli na kilichomkwamisha kilikuwa kimeondoka. Nilimkalisha mbele, nikaanza naye silabi. Kufikia Agosti alikuwa akiwasomea wenzake hadithi.

Mwingine tulikuwa karibu kumkaririsha, kumbe haoni ubao. Miwani ikatosha.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kukubali, fanya mambo matatu. Omba shule ikuonyeshe daftari la mahudhurio, uhesabu siku alizokosa, kisha ujiulize nani alimtuma. Mpe ukurasa wa kitabu cha darasa la pili asome kwa sauti mbele yako. Akikwama hapo, tatizo ni KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na atahitaji mtu wa kumfundisha kusoma, awe darasa lolote. Tatu, mpeleke akapimwe macho, masikio na kichocho.

Ukimaliza, mwulize mwalimu: mwaka huu wa pili utakuwa na tofauti gani? Asipokuwa na jibu, na upimaji wa kitaifa haujamrudisha, mtoto aendelee na wenzake, apewe muda wa ziada jioni. Akiwa na jibu, na mtoto bado mdogo, wa darasa la kwanza au la pili, mwache arudie, ila umweleze kwa heshima, wala nduguze wasimcheke.

Nawe unayemtuma mwaloni usiku wa giza, usilaumu shule. Mwanao hatafaulu darasa asilokaa, hata akilirudia mara tatu.