Asilimia moja ya soko ni ya nani?

Kayanga wananiuliza, Nkwenda wananiuliza: "Wasilisho la kumpelekea mwekezaji liwe na slaidi ngapi?" Weka kumi, weka kumi na tano. Sijaona mtu akinyimwa mtaji kwa idadi ya slaidi. Inayowaangusha ni moja tu, ile ya soko, yenye maneno haya: "Tukipata asilimia 1 tu..."

Tuipige hesabu. Mradi ni kukaanga robusta ya Karagwe na Kyerwa. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, asilimia 1 ni watu 617,000. Kila mmoja akinunua gramu 250 kwa mwezi, zinatakiwa tani 154 za kahawa iliyokaangwa. Kilo 100 za maganda, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, hutoa kama kilo 50 za kahawa safi, na baada ya kukaangwa hubaki kama 40. Basi utanunua tani 385 za maganda kila mwezi, hata miezi isiyo na mavuno. Kwa fedha zipi? Kahawa hiyo hupita vyama vya ushirika (AMCOS) kwenda mnadani, na nyingine ilishauzwa kwa butura ingali maua. Mashine inayotoa kilo 15 zilizokaangwa kwa mkupuo, ikikaanga mara tatu kwa saa, saa nane kwa siku, itatumia siku 428 kumaliza kazi ya mwezi huo mmoja. Na wanunuzi hao 617,000 wanatoka wapi, katika nchi inayokunywa chai na kuuza nje sehemu kubwa ya kahawa yake?

Mwekezaji huifanya hesabu hii kichwani ukiwa bado unazungumza. Asilimia 1 yako inajifanya ya unyenyekevu. Kwake ni ushahidi kwamba hujawahi kuuza.

Cha kuandika ni hiki: nani amenunua mpaka leo, pakiti ngapi, kwa shilingi ngapi; gharama ya pakiti moja; maganda unayapata kwa nani; nani anashindana nawe, kiwanda cha Tanica cha Bukoba kikiwemo; nani yuko kazini; unaomba kiasi gani na kitanunua nini. Hujauza bado? Kauze kwanza. Unahitaji mashine moja tu? Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, undeni kikundi mkaombe mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: hauna riba, wala hautaki slaidi. Mradi wa kilimo ni mkubwa? Kaulize Benki ya Maendeleo ya Kilimo.

Mwenye wateja ishirini wanaorudi kununua ana slaidi ya soko. Asiye nao, asiniulize tena idadi.