Mururue: Ule Mmea wa Miba Shosh Husema Unatibu Malaria. Ni Ukweli?

Kama shosh wako anaishi Njoro, Molo ama Elburgon, kuna siku ulipata homa ukaletewa kikombe cha kitu kichungu na ukaambiwa unywe bila maswali. Inaweza kuwa ilikuwa mururue. Wamaasai wanauita oleparmunyo, na Kiswahili sanifu ni mdakakomoe, jina ambalo sijawahi kuskia mtu wa Nakuru akitumia.

Huu mmea hupanda juu ya miti mingine kwa miba iliyopinda kama ndoano. Ukishika jaketi yako msituni, hiyo jaketi umeaga. Uko familia moja na machungwa na ndimu, ndio maana ukisugua jani unaskia ile harufu. Matunda hutafunwa kwa kikohozi, mizizi huchemshwa kwa homa na mafua.

Sasa hii maneno ya malaria. Shosh hakutoa kwa hewa. Wapokot wametumia huu mmea kwa homa, na 1995 watafiti walichapisha kwamba walipata ndani yake kemikali inaitwa nitidini, inayoua vimelea vya malaria kwa maabara. Lakini wasee, maabara si mwili. Hata jiki itaua vimelea kwa chupa na hakuna mtu anakunywa jiki. Pia hakuna anayejua kikombe chako kina nitidini ngapi. Mzizi mmoja si sawa na mwingine.

Na Nakuru iko juu sana, malaria hapa si mob. Homa yako inaweza kuwa nimonia ama taifodi. Lakini kama umetoka Kisumu, Busia ama Marigat juzi, hiyo ni stori ingine. Malaria kali inaweza kukuangusha ndani ya siku moja, hapo mururue inakumalizia tu time. Kupima ni tone la damu kwa kidole na dakika kama 20. Ukipatikana nayo, dawa za AL ni dozi sita, siku tatu.

Kitu ingine: kung'oa mizizi kunaua mmea, na misitu ya Mau imeshachapwa vya kutosha. Kwa kikohozi, matunda yanatosha. Na sokoni, mizizi ikishakatwa na kukaushwa yote inafanana, so pengine hata hujauziwa mururue.