Umetoa magazini? Bastola bado inaweza kuua

Kwa anayejifunza bastola, somo la kwanza si shabaha. Ni kujua kwamba ukichomoa magazini, risasi moja inaweza kubaki kwenye chemba. Ukivuta triga, inatoka.

Kuhakikisha iko tupu:

• Elekeza mtutu upande salama, kidole nje ya triga.
• Chomoa magazini kwanza.
• Vuta sehemu ya juu hadi nyuma, risasi iliyobaki iruke nje.
• Kagua chemba kwa macho na kidole.

Usigeuze mpangilio. Ukivuta na kuachia kabla ya kutoa magazini, risasi nyingine inaingia chemba palepale.

Nchini Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka mmiliki awe na leseni. Hata mwenye leseni husahau. Ukipewa bastola ukaambiwa "haina kitu", hakikisha mwenyewe.