Poulidor: Mshindi wa pili aliyependwa kuliko bingwa

RAYMOND Poulidor alishiriki Tour de France, mbio ambazo Chris Froome mzaliwa wa Nairobi alizishinda mara nne, mara 14 kati ya 1962 na 1976. Alimaliza wa pili mara tatu na wa tatu mara tano. Fulana ya manjano, ambayo huvaliwa na anayeongoza, hakuivaa hata siku moja. Hata hivyo, alipofariki Novemba 13, 2019 akiwa na umri wa miaka 83, Wafaransa walimwomboleza kama bingwa.

Si kwamba Poulidor alikuwa mnyonge. Mwana huyo wa wakulima kutoka eneo la Creuse, aliyekuwa mwanabaiskeli wa kulipwa tangu 1960 hadi 1977, alitwaa Milan-San Remo mwaka wa 1961 na Vuelta a España mwaka wa 1964. Alishinda pia Paris-Nice mwaka wa 1972 na 1973, katika umri ambao wenzake wengi walikuwa wamekwisha kustaafu. Nuksi yake ilikuwa kuzaliwa katika enzi ya Jacques Anquetil, kisha ya Mbelgiji Eddy Merckx. Kila mmoja wao alishinda Tour mara tano.

Mwaka wa 1964 ndio uliomjengea jina. Juu ya mlima Puy de Dôme, Julai 12, yeye na Anquetil walipanda bega kwa bega, viwiko vikigusana, hadi Poulidor akamwacha mpinzani wake karibu na kilele. Alimpita kwa sekunde 42, lakini Anquetil akaihifadhi fulana kwa sekunde 14 tu. Jijini Paris pengo lilikuwa sekunde 55. Ajabu ni kwamba siku chache awali, mjini Monaco, Poulidor alikuwa amefyatuka kuelekea utepe akidhani mbio zimekwisha, kumbe ulisalia mzunguko mmoja. Anquetil akashinda na kuvuna nyongeza ya dakika nzima. Hesabu hiyo yaeleza mengi.

Anquetil, ambaye naye wazazi wake walikuwa wakulima, alikimbia kwa hesabu na kuonekana mtu wa mjini. Poulidor alibaki na sauti ya kijijini, hakulalama wala kutafuta visingizio, na hakuihama timu ya Mercier katika maisha yake yote ya ushindani. Watu wa kawaida, ambao nao hawakuzoea kuibuka wa kwanza, walijiona ndani yake wakambandika lakabu ya “Poupou”.

Baada ya kustaafu, aliandamana na msafara wa Tour kwa miaka mingi akiwa balozi wa benki iliyoidhamini fulana ile ile iliyomponyoka.

Juni 27, 2021, mjukuu wake Mathieu van der Poel alishinda hatua ya pili huko Mûr-de-Bretagne na kuvishwa manjano. Alipovuka utepe alinyoosha kidole mbinguni, kisha machozi yakamtoka.