Ukifika majuu, usimdanganye mama kwamba umekula

Siku utakayoondoka, watu wako watajaa JKIA. Matatu ya kukodi itatoka kijijini usiku wa manane ikiwa imebeba mama, baba, shangazi wawili, mchungaji na jirani mmoja ambaye hukumbuki vizuri alichanga shilingi ngapi. Mtaombewa pale pale kwenye maegesho. Picha zitapigwa hadi simu ziishe chaji. Kisha mjomba atakuvuta kando akunong'onezee: "Usitusahau huko." Utacheka na kumwambia hapana, nitawasahau vipi? Hayo maneno yake yaweke akilini, maana yatakusumbua kuliko baridi.

Nakuandikia wewe ambaye barua ya kujiunga na chuo Ujerumani imeshafika, ama bado unakazana na masomo ya Kijerumani huku ukingoja siku ya kuitwa ubalozini. Njia hiyo nimeipita. Nilifika Leipzig, mji ulio mashariki mwa Ujerumani, mwishoni mwa Septemba. Nilikuwa na umri wa miaka 22 na masanduku mawili, moja likiwa na pakiti nne za unga wa mahindi katikati ya nguo. (Unga hauna neno. Nyama na maziwa usithubutu kubeba, hata kama shosho amekufungia kwa upendo. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuviingiza kutoka kwetu na vitatupwa ukiangalia.)

Tuanze na pesa, kwa sababu uongo mwingi huzaliwa hapo.

Kabla ya kupewa viza ya masomo, lazima uonyeshe una pesa za kukutunza mwaka mzima. Wengi wetu hutumia akaunti iliyofungwa, Wajerumani huiita Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 kiasi kinachotakiwa humo ni euro 11,904, ambazo kwa hesabu ya kwetu ni zaidi ya shilingi milioni moja unusu. Kwetu tulizipata kwa harambee, mkopo wa sacco na ng'ombe wawili wa baba. Sasa sikiza vizuri. Ukishafika, huwezi kuingia benki ukazichota zote. Unaachiliwa euro 992 kila mwezi, basi. Humo ndani kuna kodi ya chumba, bima ya afya ambayo ni ya lazima, chakula, simu na sabuni. Ni kweli vyuo vingi vya umma havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Lakini kutolipa karo si sawa na kuwa na pesa.

Shida ni kwamba kule nyumbani hesabu inafanywa tofauti. "Ako Ujerumani, halipi karo, na ana milioni kwa akaunti." Ongeza na zile porojo za mitandaoni za mwaka 2024, wakati Kenya na Ujerumani zilipotia saini makubaliano ya uhamiaji jijini Berlin. Watu walieneza kwamba nafasi 250,000 za kazi zinangoja Wakenya. Serikali ya Ujerumani ilikanusha. Mkataba wenyewe hautaji idadi yoyote. Nani alisoma huo ukanushaji kijijini? Hakuna. Binamu yangu bado huniuliza "zile kazi" zinaanza lini.

Basi mwezi wa pili ujumbe ukaingia. Binamu huyo huyo alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mjomba hakuomba moja kwa moja, alisema tu kwamba "tunaangalia vile tutafanya." Wewe mwenyewe unajua maana ya hiyo sentensi. Nilituma euro 150. Nilizitoa kwa pesa za chakula, kisha nikapiga picha kando ya tramu nikiwa na jaketi la kuazima, nikaiweka kwa stetasi. Shangwe zikamiminika. Wiki iliyofuata jumbe zikawa tatu.

Wakati huo ndipo giza lilipoanza, na hapa sitii chumvi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na tofauti yetu na Nairobi inakuwa saa mbili badala ya moja. Unadhani ni jambo dogo hadi Desemba ifike. Jua la Leipzig huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na ikifika saa kumi jioni limezama. Kuna siku hulioni kabisa, mawingu yamekaa kama kifuniko cha sufuria. Wewe umezaliwa karibu na ikweta, mwili wako umezoea saa kumi na mbili za mwangaza bila kuuliza. Nilianza kulala saa kumi na moja jioni. Nilikosa madarasa. Nilifikiri ni uvivu, nikajitukana kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama. Baadaye sana ndipo mshauri wa wanafunzi aliniambia kwamba kushuka moyo wakati wa baridi kunajulikana, hata wenyeji huwapata. Ushauri wake ulikuwa rahisi hadi nikaudharau: toka nje saa sita mchana kila siku, hata kama ni dakika 30, hata kama kuna manyunyu. Ulisaidia.

Baridi yenyewe? Baridi ni nguo. Nunua koti zito la mitumba huko huko, usilibebe kutoka Gikomba, na viatu visivyopitisha maji. Tusiongee zaidi.

Kinachouma ni ukimya. Kwetu ukipanda matatu utasikia siasa, injili na mapenzi ya watu usiowajua. Kwenye tramu ya Leipzig watu 60 wanakaa na hakuna anayekohoa. Ukiwauliza watu "habari?" wengine watashtuka, wengine watakueleza kweli jinsi mgongo unavyowauma. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa kwa sheria, isipokuwa ya stesheni kubwa za treni na vituo vya mafuta. Jumapili yangu ya kwanza nilitembea nikidhani kuna msiba wa kitaifa, nikarudi kulala njaa na pesa zikiwa mfukoni.

Halafu kuna barua. Ujerumani bado inaendeshwa kwa barua za karatasi, ndugu yangu. Hakikisha jina lako limebandikwa kwenye sanduku la barua la nyumba unayoishi, la sivyo barua zako zitarudi zilikotoka. Ukihamia nyumba una wiki mbili tu za kwenda kujisajili kwa ofisi ya mji, wao husema Anmeldung, na utahitaji karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba. Bila huo usajili, mambo mengine mengi yanakwama. Muda mfupi baadaye itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni. Mimi niliitupa nikidhani ni matapeli. Deni likapanda na faini juu. Mnaoishi pamoja mnaweza kugawana hiyo ada, kwa hivyo uliza wenzako wa nyumba kabla ya kutupa karatasi yoyote.

Mama mzee wa ghorofa ya chini ndiye aliyenitisha kuliko wote. Nilikuwa nikipiga simu nyumbani usiku, spika juu, nikicheka kama niko kwa stegi ya matatu. Asubuhi moja nikakuta kikaratasi mlangoni: kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya. Wiki iliyofuata akanisimamisha kwenye mapipa ya taka, akaanza kutoa karatasi nilizoweka pipa lisilo lake, moja baada ya nyingine, huku akinieleza. Niliona ni dharau. Mwezi mmoja baadaye, nilipougua homa, ndiye aliyebisha hodi na supu. Nimejifunza kwamba Mjerumani anayekusahihisha si lazima awe anakuchukia, na nilipoteza wiki nyingi nikiwa nimemnunia mtu ambaye alikuwa anajaribu kuniongelesha kwa njia pekee aliyoijua.

Lakini sitakuficha upande wa pili. Chuki ya rangi ipo. Nimewahi kupigiwa kelele na vijana waliokuwa ndani ya gari, maneno ambayo nilijuta kuyaelewa. Usiku nilijifunza kutembea na wenzangu na kuepuka mitaa fulani, na vyuo vingi vina ofisi ya kupokea malalamishi ya ubaguzi. Ripoti. Usikae nalo rohoni ati utaonekana mtu wa maneno mengi.

Turudi kwa tumbo. Kufikia katikati ya Desemba nilikuwa nikiishi kwa chupa. Ukinunua soda Ujerumani unalipa amana ya senti 25 kwa chupa ya plastiki, unarudishiwa ukiirejesha kwenye mashine ya supamaketi. Baada ya sherehe za wanafunzi bwenini nilikuwa nabaki nyuma nikijifanya nasaidia kusafisha. Chupa 40 ni euro 10. Euro 10, ukiwa mjanja, ni mchele, maharagwe ya mkebe, vitunguu na mayai ya siku nne. Na bado stetasi yangu ilikuwa na taa za soko la Krismasi.

Mama alikuwa akipiga simu kila jioni. Swali la kwanza lilikuwa lile lile: "Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Wali na kuku."

Jioni moja, siku chache kabla ya Krismasi, hakuendelea kuuliza habari za masomo kama kawaida. Alinyamaza kidogo halafu akasema: "Haya, washa video. Nionyeshe sufuria."

Nilijaribu kusema mtandao ni mbaya. Akangoja. Nikasema nimeshaosha vyombo. Akasema basi nionyeshe ikiwa safi, na ufungue friji nione. Mamangu aliuza chakula kibandani miaka 18, huwezi kumdanganya kuhusu sufuria. Niliwasha video, nikaigeuza kamera. Kwenye friji kulikuwa na nusu ya kitunguu na chupa ya maji.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Alichosema ni: "Kwani tulikupeleka huko ukatulishe?" Kisha akauliza zile pesa za mjomba zilitoka wapi, nikamwambia. Akauliza kwa mwezi napata ngapi na zinaenda wapi. Kwa mara ya kwanza nilimtajia hesabu yote, kodi, bima, simu, hadi ile ada ya televisheni nisiyokuwa nayo. Aliandika kwenye daftari lake la chama, nilisikia kalamu. Kesho yake alienda kwa mjomba na hilo daftari. Sijui waliongea nini, lakini jumbe za "tunaangalia vile tutafanya" ziliisha kwa miezi sita, na mjomba alipopiga tena alikuwa anauliza kama nimepata koti.

Kwa hivyo ombi langu kwako ni la kabla ya safari. Fanya hicho kikao ukiwa bado nyumbani, daftari likiwa mezani. Waonyeshe 992 na vile inavyogawanyika. Sema kwa sauti, mbele ya mjomba, kwamba mwaka wa kwanza hutatuma kitu. Watanuna kidogo, lakini ni afadhali wanune ukiwa bado kwao, chai ikiwa mezani. Na uchague mtu mmoja, awe mama, dada au rafiki mliyesoma naye, ambaye hutamdanganya hata ukiwa umeanguka mtihani.

Kuhusu kazi, mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, ama nusu siku 280. Kama Kijerumani chako ni cha kuombea maji, utaanzia kwa maghala na kuosha vyombo, na hakuna aibu. Usikubali kazi isiyo na mkataba wa maandishi. Nilifanya kwa wiki tatu na sikulipwa hata senti. Na ukilemewa kimawazo, nenda Studentenwerk, taasisi ile ile inayosimamia mabweni na mikahawa ya wanafunzi. Huwa na washauri wa kisaikolojia na hawatapigia mtu simu nyumbani. Ningeenda Novemba badala ya Februari, ningeokoa mtihani mmoja.

Utauliza kama ugali unapatikana. Unga wangu uliisha kabla ya Krismasi. Kwenye maduka ya Waafrika utapata, kwa bei ya kukufanya usali kwanza. Supamaketi za kawaida huuza unga wa mahindi ya manjano wenye chembe kubwa, wao huuita polenta, na ukiusonga kwa nguvu unashikana. Sukuma wiki hakuna, ila kuna binamu yake mwenye majani ya mikunjomikunjo, Grünkohl, ambaye huuzwa majira ya baridi. Mkate kate mwembamba, usimchemshe kama wanavyomchemsha wao hadi anyamaze.

Mama hupiga simu Jumapili siku hizi. Haniulizi tena kama nimekula. Husema tu "sufuria," nami nageuza kamera. Mara ya mwisho alikodolea macho ule ugali wa manjano kwa muda, akamwita baba aje aone, wakaangalia wote wawili.

"Hiyo ni ugali," akauliza baba, "ama ni keki?"