Wamekuandikia amande ya kupaki vibaya? Omba karatasi mbele ya kutoa pesa

Dereva mmoja wa taksi alitupigia simu kwenye kipindi cha asubuhi, sauti ikiwa bado na hasira. Alikuwa amesimama pembeni ya barabara, mbele ya farmasi, mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa anashuka. Polisi wa barabarani, hawa tunaoita wote roulage, akafika, akatosha ufunguo kwenye gari na kumwambia kama amepaki mahali pamekatazwa. Bei ya kwanza ilikuwa kubwa. Bei ya pili ikapunguka nusu, ya tatu ikapunguka tena. Dereva alikuwa anafikiria ile pesa anayopaswa kumuletea mwenye gari jioni. Akalipa, ufunguo ukarudi, karatasi hakupewa. Swali lake kwetu lilikuwa moja: ile ilikuwa amande ama nini?

Haikuwa amande. Amande ya kweli haipunguke kila mara unapokuna kichwa, na haiingie mfukoni mwa mtu. Lakini kusema vile tu haimusaidie mtu mwenye gari yake imefungwa njia na abiria wanalalamika. Tuangalie basi sheria inasema nini, na unaweza kufanya nini pale pale barabarani, halafu kisha.

Kwanza, ulipaki ama ulisimama? Sheria ya barabara ya nchi yetu ni ile namba 78/022 ya tarehe 30 mwezi wa 8, 1978. Inatofautisha mambo mawili ambayo sisi tunachanganya kila siku. Kusimama (kwenye sheria wanaita arrêt) ni wakati ule tu wa kushusha ao kupandisha watu, ao kupakua mizigo. Kupaki (stationnement) ni kukaa pale kupita ule wakati. Vibao navyo viko viwili. Kile cha mviringo, rangi ya bulu na duara nyekundu, chenye mstari mmoja wa kukata, kinakataza kupaki: kumshusha mama na mtoto wake pale hakukatazwe. Chenye mistari miwili ya kupishana kama msalaba wa X, kinakataza yote mawili. Wadereva wengi hawajui tofauti hii, na kusema ukweli, mimi pia nilijifunza nikiwa mtu mzima. Hata pasipo kibao, kuna mahali huwezi kupaki: pa kuvukia watu wa miguu, juu ya njia yao, kwenye kona pasipoonekana mbele. Kama ulifanya vile, kosa liko, na kupiga makelele hakutalifuta.

Sasa, nani anaweza kukuandikia amande? Si kila mwenye kuvaa uniforme. Polisi anaweza kukusimamisha na kuona kosa, lakini mwenye uwezo wa kukuita ulipe ili mambo yaishe ni OPJ, ofisa wa polisi judisieri, anayefanya kazi ile chini ya uongozi wa prokirere. Ile amande wanaiita amende transactionnelle, na iko kwenye kifungu cha 9 cha sheria ya prosedire ya penali, dekreti ya tarehe 6 mwezi wa 8, 1959. Kifungu kile kinasema mambo ambayo kila dereva angeyaandika nyuma ya permi yake. Pesa inaenda kwa hazina ya Serikali. Haiwezi kupita kiasi cha juu kabisa ambacho sheria imeweka kwa kosa lile. Ukilipa, kesi inakufa, isipokuwa parke yenyewe iamue kuendelea nayo. Na kulipa si kukubali kosa. Hili la mwisho ni kubwa kwa mtu mwenye gari yake imekokotwa na kufungiwa kwenye kiwanja cha polisi, ambako pesa ya ulinzi inaweza kuongezeka kila siku: unaweza kulipa ili gari itoke, bila mtu kukuambia kisha kama ulikubali mwenyewe.

Pale barabarani, sema kwa upole, maana ukali unafunga mlango: « Shefu, naomba uniandikie PV. » Kwenye PV kunapaswa kuonekana siku, saa, mahali, kosa gani, na jina la mwenye kuandika. Soma yote. Kama maneno yako hayakuandikwa sawa, sema waongeze mbele ya kutia sinyatire. Una haki ya kukataa kusaini, na wataandika kama umekataa na sababu gani. Kama wanabeba permi, karti rozi ao ufunguo, kile ni kukamata kitu, na OPJ anapokamata kitu anaandika PV yake nayo, yenye kutaja kitu kile. Kitu kubebwa bila karatasi, kesho hakuna mtu atakumbuka nani alikibeba.

Kisha PV, malipo yanapita kwa DGRAD, ile direksyo inayokusanya mapato ya Serikali yasiyo ya kodi. Wanakutolea karatasi yenye kuandikwa juu « note de perception », yenye kiasi, sababu na namba ya konti. Unaenda benki, unalipa, unarudi na bordero. Weka kopi nyumbani, si ndani ya gari. Angalia vizuri tarehe ya mwisho ya kulipa, sababu ukichelewa kunaongezeka penalite.

Kama unaona huna kosa, kupinga kunawezekana, na hapa ndipo wengi wanaogopa bure. Amende transactionnelle ni mwito, unaweza kuukataa. Ukiukataa, OPJ anatuma dosye kwa parke. Mazistra anaweza kuiweka pembeni kama haina nguvu, ao kuipeleka kwa tribunali ya pe, ambayo njo inahukumu makosa ya namna hii. Usingoje wakuite. Andika barua fupi kwa parke, ukurasa mmoja unatosha: siku gani, saa ngapi, barabara gani, ulikuwa unafanya nini, kwa nini unaona PV imekosea. Ongeza kopi ya PV, majina na namba ya simu ya mashahidi (mwenye farmasi, yule mama), na foto ya mahali. Foto ya kibao, ao ya pale ambapo hakuna kibao, ina nguvu kuliko maneno mia. Lakini piga foto ya mahali, usipige ya polisi usoni. Hapo utatoka kwenye amande na kuingia kwenye shida ingine. Peleka barua nakala mbili, moja waitie kashe na tarehe, ubaki nayo. Barua isiyokuwa na kashe ya kupokelewa ni kama haikufika.

Ituri na Kivu ya Kaskazini, ambako état de siège ilianza tarehe 6 mwezi wa 5, 2021, kesi nyingi za penali zilipelekwa kwa mahakama za kijeshi. Uliza kwanza wapi dosye yako inapokelewa. Goma na Bukavu, tangu M23 iingie mwanzoni mwa 2025, wenye kupokea pesa ni wengine, na haya ninayoandika hayawezi kufuatwa kule kama huku.

Kuna kitu kingine ambacho watu wanaita amande na si amande: pesa ya parking. Ile ni takse ya mji ao ya komine, unalipa kwa sababu unatumia nafasi, hata kama hukukosa kitu. Mwenye kuipokea ni ajenti wa meri ao wa komine, na unapewa jeto. Jeto ya kweli ina namba, kiasi, tarehe na jina la ofisi iliyoitoa. Ikiwa ajenti wa pili anakuja mchana kuomba ile takse ya siku moja, jeto ya asubuhi njo jibu lako. Akisema kama hii ni takse mpya, omba kuona maandishi yaliyoiweka, sababu Katiba, kifungu cha 174, haikubali kodi isiyotoka kwenye sheria. Malalamiko ya takse unapeleka kwa maandishi kwa meri ao kwa burgumestre, si kwa roulage.

Na kama ulilazimishwa kutoa pesa bila karatasi? Kwa ajenti wa meri, ambaye ni sivile, unaenda kwa parke. Kwa polisi ni tofauti, na watu wengi wanapoteza siku kwa kutojua hili: polisi wanahukumiwa na mahakama za kijeshi, kwa hiyo mashitaka yanaenda kwa auditora. Unaweza pia kuandikia mkubwa wake ao Inspeksyo ya polisi. Ujue lakini kama sheria inamwazibu pia mwenye kutoa rushwa. Mwenye kulazimishwa si sawa na yule aliyesema mwenyewe « shefu, tuelewane », na kila mmoja wetu anajua siku gani alikuwa yupi.

Haya yote yanakula muda. Kwenda DGRAD, benki, kurudi polisi: dereva anaweza kupoteza siku nzima ya kazi, na wale wa barabarani wanajua. Ndiyo maana ile pesa ya mkononi inaonekana rahisi. Lakini wadereva wawili walituambia kama kule kuomba tu PV, kwa sauti ya chini, kulitosha warudishiwe ufunguo. Pasipo kosa la kuandika, PV ni mzigo kwa mwenye kuiandika pia.

Yule dereva wa farmasi hana karatasi. Lakini alikumbuka saa, mahali, na jina lililoshonwa kwenye kifua cha polisi, na yule mama alikubali kuwa shahidi. Ameandika barua yake kwa auditora, nakala mbili. Moja iko na kashe.